TUNDA LISILONGOJA: MVINYO WA DODOMA NA FUNZO KWA MKULIMA WA LUMUMA

Ndugu msomaji, bonde la Lumuma liko pale mikoa miwili inapogusana. Upande mmoja ni Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Ukivuka mpaka umeingia Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma, na huko nako utakuta kata yenye jina hilo hilo la Lumuma. Watu wa bonde hili wanajulikana kwa vitunguu. Maji ya mto huongozwa kwa mifereji mpaka kwenye majaruba, kitunguu hupaliliwa, huvunwa, hujazwa magunia na kupakiwa kwenye malori yaendayo mijini.

Makala haya, hata hivyo, yanamhusu jirani wa Lumuma. Ukifuata njia ya magharibi, ukaiacha milima na kuingia tambarare kavu za Ugogo, utafika kwenye mashamba yenye nguzo na nyaya zilizonyooka mistari kwa mistari, na juu ya nyaya hizo mimea inayotambaa yenye majani mapana. Hayo ni mashamba ya mizabibu. Kutokana na matunda yake hutengenezwa mvinyo unaouzwa madukani na mahotelini nchini kote kwa jina la Dodoma.

Tumeanzia Lumuma kwa sababu mkulima wa hapo analielewa vizuri swali ambalo ndilo kiini cha habari hii yote: mazao yakisha kuiva, mnunuzi asipofika, nani atabeba hasara? Mwenye kitunguu huliuliza swali hilo kwa wiki na miezi. Mwenye zabibu huliuliza kwa siku na saa. Katika tofauti hiyo ndogo ya muda ndimo umo utajiri wa zabibu, na ndimo umo umaskini wake.

MTI WA KIGENI KATIKA NCHI KAVU

Lugha yetu yenyewe inatuonyesha njia iliyopitiwa na tunda hili. Neno zabibu limetokana na Kiarabu, ambako humaanisha tunda lililokwisha kukaushwa. Mvinyo ni neno lililotoka kwa Wareno, na divai linatokana na Kifaransa. Kila mgeni alikuja na neno lake. Mti wenyewe ulichelewa kufika bara.

Waliouleta Dodoma walikuwa wamisionari wa Kikatoliki. Sheria ya Kanisa lao hutaka divai ya altare iwe imetokana na zabibu halisi, wala isichanganywe na kitu cha kuiharibu. Kuagiza divai kutoka Ulaya, kuivusha bahari na kuipandisha bara kwa reli, lilikuwa jambo la gharama na la kusubiri. Katika miaka ya 1950 mapadre wa Shirika la Mateso kutoka Italia, wenye kituo chao Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, walipanda mizabibu, nayo ikashika. Baadaye Gereza la Isanga nalo likawa na shamba lake, na wakulima wa vijiji vya jirani wakaanza kuomba pingili za kupanda.

Ni vyema kukumbuka jambo moja la historia. Miaka michache kabla ya hapo, kuanzia 1947, Serikali ya Kiingereza ilileta matrekta Kongwa, jirani na Mpwapwa, ili kulima karanga kwa eneo kubwa mno. Fedha nyingi zilitumika, ardhi ikawa ngumu, mvua ikakosekana, na mwaka 1951 mpango ule ukaachwa. Karanga za matrekta zilishindwa katika nchi ile ile ambamo mzabibu, uliopandwa kwa jembe la mkono, ulikuja kustawi. Sababu yake si muujiza. Ni kwamba mzabibu unapatana na tabia ya nchi hiyo.

Baada ya Uhuru, Serikali ilianzisha Kampuni ya Mvinyo ya Dodoma, iliyojulikana kwa kifupi DOWICO, ili zabibu za wananchi zipate mahali pa kusindikwa. Huko Makutupora, kaskazini mwa mji, kikajengwa kituo cha utafiti wa zabibu ambacho mpaka leo huchunguza aina za mbegu na magonjwa yake. Aina moja ya zabibu nyekundu inayolimwa sana hubeba jina la kituo hicho, ikiitwa Makutupora Nyekundu. Hivyo vijiji vya Mpunguzi, Matumbulu, Mbabala, Mvumi na Hombolo vikapata zao la biashara katika eneo ambalo habari zake nyingi zilikuwa za ukame na njaa.

MKASI NDIO MAJIRA

Mkulima wa nchi za baridi akija Dodoma hushangazwa na jambo moja kuliko yote. Kwao mzabibu huzaa mara moja kwa mwaka. Hapa huzaa mara mbili.

Sababu yake ni hii. Huko Hispania, kwa mfano katika jimbo la Rioja lililo kando ya mto Ebro, kipupwe kikiingia mzabibu hupukutisha majani na kulala. Hulala miezi kadhaa kama mti uliokufa, kisha joto likirudi huchipua, huchanua, na matunda yake huvunwa mwezi wa Septemba na Oktoba. Kalenda ya mkulima wa Rioja imeandikwa na baridi.

Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu. Mti ungeendelea kutoa majani mwaka mzima bila mpango, kama mkulima asingeingilia kati. Kwa hiyo yeye ndiye huamua. Huchukua mkasi na kupogoa matawi, na mti uliopogolewa huamka, hutoa machipukizi mapya yenye maua, na baada ya miezi minne hivi vichala huwa tayari. Akipogoa kwa wakati wake, huvuna mwezi wa Februari na Machi, kisha huvuna tena Agosti na Septemba. Kwa maneno mengine, huko Rioja majira yako angani. Dodoma majira yako mikononi mwa mwenye mkasi.

Lakini usidhani kwamba mavuno hayo mawili ni ndugu wa mama mmoja. Mvua ya Dodoma ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka wa kawaida, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mavuno ya Machi, basi, hukutana na mvua. Unyevu huleta ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa ya ukungu yanayoshambulia majani na vichala. Tunda hunywa maji mengi na sukari yake hupungua. Punje hupasuka na kuoza. Mkulima hupulizia salfa na dawa nyingine, na kila pulizio ni fedha. Mavuno ya Agosti hukutana na anga kavu, jua la mchana na ubaridi wa usiku wa nyanda zilizo kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari. Zabibu za msimu huo huwa tamu na zenye ngozi imara. Hizo ndizo watengenezaji wa mvinyo huzipenda zaidi.

Hata hivyo mavuno hayo ya kiangazi yanadai maji. Mzizi wa mzabibu huenda chini sana kuyatafuta, lakini si bila kikomo. Ndiyo maana mashamba mengine, kama lile la Chinangali katika Wilaya ya Chamwino, yametegemea umwagiliaji wa matone, ambao hupeleka maji shinani mwa kila mti bila kulowesha majani wala kupoteza tone njiani.

KUTOKA KICHALA HADI CHUPA

Wako wasomaji wanaodhani mvinyo ni maji ya zabibu yaliyotiwa pombe na rangi. Sivyo. Pombe ya mvinyo huzaliwa ndani ya tunda lenyewe, na kazi ya mtengenezaji ni kuulinda uzazi huo usiharibike.

Vichala hukatwa asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Kabla ya kuvuna, mkulima au mnunuzi hukamua matone machache juu ya kipimo cha sukari. Zabibu za mvinyo zinazofaa huwa na sukari gramu 20 hadi 24 katika kila gramu 100 za maji yake. Kipimo hiki si cha anasa. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi. Kwa hiyo zabibu yenye sukari ndogo itatoa mvinyo dhaifu, usiokaa.

Zabibu hupasuliwa punje na vikonyo hutolewa. Hapo njia hugawanyika. Kwa mvinyo mwekundu, maji huachwa pamoja na maganda, kwa kuwa rangi nyekundu imo katika ganda, si katika maji. Kwa mvinyo mweupe, maji hukamuliwa na kutengwa upesi. Kisha hamira hufanya kazi yake: hula sukari, na katika kula huko hutoa kilevi na hewa inayofanya pipa litokote kama chungu kilicho motoni. Kutokota huko huleta joto, na joto likizidi hamira hufa kabla ya kumaliza kazi na harufu nzuri ya tunda hupotea. Huko Ulaya usiku wa Oktoba hupoza mapipa bila malipo. Dodoma ubaridi huo hununuliwa kwa umeme.

Mwishowe machicha hutengwa, mvinyo huachwa utulie, huhamishwa kutoka chombo hadi chombo, huchujwa na kutiwa chupani. Katika kazi yote hii adui ni hewa. Tangi likiachwa nusu tupu, vijidudu vya siki huingia, na jasho la msimu mzima likageuka siki. Makapi ya ngozi na mbegu hayatupwi. Hurudishwa shambani yawe mbolea.

TUNDA LISILOSAMEHE

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Embe na ndizi hukatwa zikiwa bado changa, zikasafirishwa, zikaivia njiani au sokoni. Zabibu haina huruma hiyo. Ikisha kukatwa haiivi tena. Ilivyo ndivyo itakavyobaki, kisha itaanza kuharibika. Mkulima hawezi kuikata mapema ili asubiri bei, wala hawezi kuiacha mtini kwa muda mrefu, maana nyuki, ndege na mvua hawasubiri. Kwa joto la Dodoma, zabibu iliyopondeka ndani ya kreti huanza kuchacha yenyewe siku hiyo hiyo.

Mnunuzi anayajua hayo yote. Kwa hiyo siku ya mauzo wanakutana watu wawili ambao nguvu zao hazilingani: mmoja anaweza kurudi kesho, mwingine hana kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, na hapa anayeumia ni mmoja tu.

Historia ya zao hili imeonyesha uchungu huo. DOWICO ilipokuwa ikinunua, wananchi walipanda. Kampuni hiyo ilipoporomoka katika miaka ya 1990, mizabibu ilibaki shambani na mnunuzi hayuko. Wako walioiacha ikauka, wako walioing'oa wakarudi kwenye mtama na uwele. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalikuja matumaini mapya: Kampuni ya CETAWICO, iliyoanzishwa na mwekezaji kutoka Italia, ilijenga kiwanda Hombolo, Alko Vintages, ya Mtanzania, nayo ikasindika mjini Dodoma, na Kiwanda cha Konyagi cha Dar es Salaam kikawa kikiuza mvinyo wenye jina la Dodoma. Mashamba yaliongezeka tena. Lakini mashamba yalipoongezeka kuliko matangi, zabibu zilibaki mashambani bila mnunuzi, na si mara moja.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Mkulima yule hakushindwa kulima. Hakukosa mbegu, wala ardhi, wala bidii. Mti ulizaa mara mbili kwa mwaka kama ulivyoahidi. Kilichokosekana ni chombo cha kupokea mavuno kati ya siku ya kukata na siku ya kuuza.

Kwa sababu hiyo wakulima kadhaa na vikundi vyao wamejifunza kusindika wenyewe hatua ya kwanza. Hukamua zabibu zao, huchachua, na kuhifadhi katika matangi kile ambacho Dodoma hukiita mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ambao haujatiwa chupani. Faida yake si bei tu. Mwenye zabibu ana siku mbili tatu za kutafuta mnunuzi. Mwenye mchuzi uliotunzwa vizuri ana miezi. Anaweza kukataa bei mbaya, na mtu anayeweza kukataa ndiye anayeweza kupatana bei. Lakini tangi linadai usafi wa hali ya juu, ujuzi wa kupima na mtaji wa kununua chombo kisichoingiza hewa. Tangi chafu ni hasara mbili: zabibu imekwenda, na siki imebaki.

JINA NALO NI MALI

Turudi kidogo Hispania, kwa kuwa yako mambo ya kujifunza kwa waliotutangulia. Wakulima wa Rioja hawakuanza wakiwa matajiri. Katika karne ya 19 kidudu kidogo kinachoshambulia mizizi kilipoangamiza mizabibu ya Ufaransa, wafanyabiashara wa Kifaransa walivuka milima kutafuta mvinyo, wakafika Rioja, na mji wa Haro uliokuwa na kituo cha reli ukawa soko kubwa. Wenyeji walijifunza kwa wageni hao kuhifadhi mvinyo katika mapipa ya mwaloni ya lita 225. Kidudu kile kikafika kwao pia, wakalazimika kupanda upya kwa kuunganisha mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani yanayokihimili.

Lakini hatua iliyowapa heshima ya kudumu haikuwa ya shambani. Waliamua kulilinda jina. Mwaka 1926 liliundwa baraza la kusimamia matumizi ya jina la Rioja, na mwaka 1991 mvinyo wao ukawa wa kwanza Hispania kupewa daraja la juu kabisa la sifa ya asili. Maana yake ni kwamba hakuna ruhusa ya kuandika Rioja juu ya chupa ambayo zabibu zake hazikutoka katika mashamba yaliyoandikishwa. Hata umri umewekewa sheria: mvinyo uitwao Crianza lazima uwe umetunzwa angalau miaka miwili, na mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa, Reserva miaka mitatu, Gran Reserva miaka mitano. Mnunuzi aliye Nairobi au London halijui shamba, wala hamjui mkulima. Analijua jina, na jina halijamdanganya.

Aidha, katika vijiji vingi vya Hispania mkulima mwenye shamba dogo hapeleki zabibu zake kwa tajiri, bali kwenye kiwanda cha ushirika ambacho yeye ni mwanachama wake. Tangi la ushirika huwa tupu na safi likimsubiri, kwa kuwa ni lake.

Nasi tumechukua hatua. Kwa miaka kadhaa sheria ya ushuru wa bidhaa ya Tanzania imeutoza mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini kiwango kidogo kuliko mvinyo wa zabibu za nje. Hilo humpa mwenye kiwanda sababu ya kununua kwa mkulima wa Hombolo badala ya kuagiza mchuzi kutoka ng'ambo. Lakini ushuru huweza kubadilishwa kwa bajeti moja. Jina likilindwa hukaa vizazi. Chema chajiuza, tunasema. Lakini hata chema hakijiuzi kama mnunuzi hana njia ya kukitambua.

JE, LUMUMA IPANDE MIZABIBU?

Huenda msomaji wetu wa Lumuma, akiwa amesoma mpaka hapa, anajiuliza kama na yeye achimbe mashimo ya mizabibu kandokando ya mfereji. Kabla ya kushika jembe, na ajiulize maswali manne.

La kwanza ni hali ya hewa. Mzabibu hupenda maji chini na ukavu juu. Bonde lenye ukungu na umande mwingi wa asubuhi ni makao mazuri ya ubwiri. La pili ni muda. Kitunguu hukurudishia fedha ndani ya msimu mmoja. Mzabibu utakungoja mwaka mmoja na nusu au miwili kabla ya mavuno ya kwanza, huku ukidai nguzo, nyaya, samadi na dawa. Kweli, mti huo huweza kuishi miaka 30 na zaidi, lakini mtoto hasomi shule kwa ada ya miaka ijayo. La tatu ni mbegu. Pingili zitoke mahali panapojulikana, kama Makutupora, wala zisiokotwe popote, maana pingili mgonjwa hubeba ugonjwa wake shambani mwako. La nne, lililo kubwa kuliko yote, ni tangi. Je, liko wapi, ni la nani, na lori litafika huko katika saa ngapi wakati barabara za milimani zimelowa? Asiyeweza kulijibu swali hilo la nne, afadhali asijibu yale matatu.

Kwa wengi jibu la haki litakuwa kwamba kitunguu kiendelee kuwa mfalme wa Lumuma. Hata hivyo habari ya zabibu haiishii hapo, kwa sababu funzo lake linasafiri kuliko tunda lenyewe.

Kile ambacho tangi ni kwa zabibu, ndicho ambacho banda la kukaushia ni kwa kitunguu. Kitunguu kilichovunwa shingo yake ikiwa bado mbichi, kikatupwa guniani siku hiyo hiyo, nacho hakingoji. Kilichokaushwa shingo vizuri, kikatandazwa juu ya chanja kivulini na hewa ikipita chini na juu, humpa mwenyewe wiki nyingi za kuchagua siku ya kuuza. Kile ambacho kipimo cha sukari ni kwa zabibu, ndicho ambacho mizani ni kwa kitunguu. Maadamu gunia linauzwa kwa lumbesa, na kilemba chake kikiwa kimefumwa kwa kamba juu ya mdomo wa gunia, mkulima anatoa kilo nyingi asizolipwa, ingawa sheria ya vipimo inakataza. Na kile ambacho jina la Rioja ni kwa wale wa mto Ebro, jina la Lumuma laweza kuwa kwa watu wa bonde hili, iwapo kila gunia lenye jina hilo litakuwa na vitunguu vilivyokauka, vilivyochambuliwa, visivyochanganywa na vibovu katikati.

MEZANI PA FAMILIA

Hatuwezi kumaliza bila neno kwa mama na baba wa nyumba. Mvinyo una kilevi cha asilimia 11 hadi 14 hivi, yaani zaidi ya mara mbili ya bia ya kawaida. Haustahili kunywewa kwa bilauri ya maji. Si dawa ya kuongeza damu, kama wengine wanavyoambiana kwa sababu ya rangi yake nyekundu. Mama mjamzito asiuguse, watoto wasionjeshwe, na mwenye kuendesha gari auache mezani. Wako pia mamilioni ya ndugu zetu ambao dini yao hawairuhusu, nao wasione kwamba zabibu haiwahusu.

Tunda lenyewe ni la wote. Kilo moja ya zabibu, zikioshwa na kutolewa vikonyo, zikachemshwa polepole na maji kidogo mpaka zipasuke, kisha zikachujwa kwa kitambaa safi, hutoa maji matamu yasiyohitaji sukari. Yachemshwe tena kidogo, yamiminwe yakiwa ya moto ndani ya chupa zilizochemshwa, na kufungwa papo hapo. Ukitaka jemu, chukua kilo moja ya zabibu zilizotolewa mbegu, sukari nusu kilo na maji ya limau moja, ukoroge juu ya moto mdogo mpaka tone likidondoshwa kwenye sahani baridi lisitiririke. Kwa njia hizo familia iliyo karibu na mashamba inaweza kununua zabibu za bei nafuu wakati wa wingi, ikamsaidia mkulima siku ile ile anapohitaji msaada, na watoto wakapata kifungua kinywa cha wiki kadhaa.

Na siku utakapoona chupa yenye jina la Dodoma dukani, igeuze usome nyuma. Tazama imetengenezwa wapi na kwa zabibu za nani. Nyuma ya chupa hiyo yuko mtu aliyeshika mkasi mwezi wa Aprili, akahesabu miezi minne, akapima sukari alfajiri, na kusimama kando ya kreti zake akisikiliza kama lori linakuja. Mkulima wa Lumuma aliyeketi juu ya magunia yake kando ya barabara anamjua mtu huyo bila kuonyeshwa. Wote wawili wamekwisha kumaliza kazi ya kulima. Iliyobaki ni kazi ya kutunza, kupima na kulinda jina, na kazi hiyo haimsubiri mvua wala mfadhili. Inaanza kwa banda moja la kukaushia, mizani moja ya haki, na wanakijiji walioamua kuuza pamoja.